Gari la Mzee Birika

Walikuwa wameshaiacha Ujiji nyuma, na Zefania hajasema neno tangu awashe gari. Alishika usukani kwa mikono miwili kama mtu aliyeshika mbuzi wa kuazima, jicho moja barabarani, jicho moja kwenye mshale wa joto. Pembeni yake Winfrida, mkewe, alikaa magoti yamekaribia kidevu, maana gari lile ni la chini mno, na kati ya miguu alibana kidumu cha maji cha lita kumi. Naye alikuwa akiuangalia mshale. Tofauti ni kwamba mume alikuwa anaombea usipande, na mke alikuwa anaombea upande.

Nyuma yao, hatua kama hamsini, ilikuja pikapu ya Oswald, mnunuzi wa vyuma chakavu. Hakuwa na haraka. Kila Zefania alipopunguza mwendo, naye alipunguza.

"Uko wapi mshale?" Winfrida aliuliza, ingawa aliuona.

"Uko mahali pake."

"Mahali pake ni pale pale, au pamehama?"

"Mama Ritha, gari haliendeshwi kwa maswali."

Lilikuwa gari la mbio, la milango miwili, la mwaka themanini na sita, rangi ya fedha, na taa zake hulala ndani ya boneti mpaka uziwashe, ndipo hufumbuka kama macho. Siku hizi jicho moja lilikuwa halifumbuki, mpaka Zefania ashuke alinyanyue kwa mkono. Kioo cha upande wa Winfrida kilishushwa kwa koleo. Lakini Kigoma nzima hakukuwa na la pili, na kwa miaka kumi na mitatu maharusi walilipanda. Likiwa limesuguliwa lilimeta kama dagaa waliotoka majini, na watu walilipa jina hilo, Dagaa.

Pasaka ndiyo iliyoharibu. Lilichemsha njia ya Ilagala, bibi harusi akiwa ndani. Mvuke ukatoka hata msimamizi hakuonekana. Yule binti alimalizia safari juu ya bodaboda, kaketi upande, gauni limefungwa kwa mpira wa kufungia mizigo, na mtu mmoja asiye na kazi alipiga video. Wiki hiyo hiyo Zefania akapata jina lake na yeye. Mzee Birika. Alikuwa mwendesha winchi wa bandarini, amestaafu na heshima zake, sasa hawezi kupita penye kijiwe bila kuulizwa, "Mzee Birika, chai tayari?"

Tangu hapo alikuwa amebadilisha pampu ya maji. Akabadilisha feni. Akabadilisha gasketi ya injini. Fundi wake, Thobias, akamwambia thamostati ndiyo inayobana maji, wakaitoa wakaitupa. Gari likaendelea kuchemsha. Na kila kifaa kilikuwa kinatoka kwenye chai ya Winfrida, anayoiuza mchangani Kibirizi pale mitumbwi ya dagaa inapoteremsha asubuhi, chai na maandazi, mvua yake jua lake. Pale pale Kibirizi kilikuwepo kizimba kimoja chenye paa na sakafu, kinasubiri mpangaji. Ijumaa ndiyo mwisho wa kukilipia. Leo ilikuwa Jumatano.

Ndipo yakafanyika makubaliano, asubuhi ile, Oswald akiwa amesimama mlangoni na funguo zake zinalia. Mzee Gasper wa Simbo alikuwa anaoza binti Jumamosi, na alitaka gari, lakini alikuwa ameiona ile video. Alituma neno: "Leteni nilione likipanda mlima wa kwangu kwa miguu yake." Zefania aliweka kikombe chini akasema mbele ya mke na mnunuzi: "Likifika Simbo bila kuchemsha, sitaki kusikia tena habari za kuliuza. Likichemsha njiani, Oswald alichukue hapo hapo. Sitatia neno."

"Milioni moja na laki sita," Oswald alisema. "Mimi nipo nyuma yenu, mzee. Naenda Ilagala kwenye shughuli zangu."

Walivuka mto Luiche. Mashamba ya mpunga yakapita kushoto na kulia, kisha barabara ikaanza kupanda. Mshale ukajitikisa kidogo, kama mtu anayeamka.

Zefania akafungua hita. Ni mbinu ya wenye magari mabovu: joto la injini unalivutia ndani kwenu ili injini ipumue. Saa nne ya asubuhi, jua limeshakaza, ule upepo wa moto ukawapiga miguuni.

"Unatupika," Winfrida alisema.

"Vumilia. Mlima huu tu."

"Nipe koleo nishushe kioo."

"Koleo liko nyuma."

Wakapanda wakiwa wametota jasho. Mshale ukafika robo tatu, ukasimama. Winfrida akajikuta ameshika pumzi, naye hakujua tena anaishikia upande gani. Kisha harufu ikaja, ile harufu ya chuma kitamu inayokuja kabla ya mvuke, na Zefania akazima hita, akazima injini, akaliacha gari lijisogelee pembeni kwa nguvu ya mteremko mdogo mpaka kwenye majani.

Mvuke ukatoka chini ya boneti, mweupe, mwingi, unalia.

Waliokuwa wanapita na baiskeli za mkaa wakasimama. Mmoja akasema kwa Kiha neno ambalo wenzake walilicheka. Pikapu ya Oswald ikafika polepole ikaegeshwa nyuma yao, karibu kabisa.

*

Zefania hakukubali mara moja. Alisubiri mvuke upungue, akanyanyua boneti kwa kitambaa, akagusa mpira wa juu wa rejeta akautoa mkono haraka. Akagusa wa chini. Akaushika. Akauacha mkono pale pale, uso umekunjamana. Kisha akapiga simu kwa Thobias, simu ikiwa na sauti ya nje, maana sikio lake la kulia limechoka na kelele za winchi.

"Gasketi hiyo, mzee," Thobias alisema kabla hajaelezwa.

"Gasketi tuliweka mpya mwezi uliopita."

"Basi kichwa cha injini kimepinda."

"Sikiliza, Thobias. Mpira wa juu unaunguza, wa chini ni baridi kama wa jana."

"Ah. Basi maji hayazunguki."

"Hayazunguki kwa nini? Pampu ni mpya."

"Ndiyo maana nakwambia tufungue injini tuone."

Wale wa mkaa wakacheka tena. Zefania akakata simu. Alisimama akaliangalia gari kwa muda, halafu akamgeukia Oswald, hakumwangalia machoni.

"Nimeshasema. Chukua."

"Usijisikie vibaya, mzee wangu. Chuma nacho kina siku zake."

Oswald akatoa bahasha kubwa ya kaki. Zefania akaikataa kwa kidevu. "Mpe Mama Ritha. Hiyo pesa mimi siishiki."

Oswald akahesabu noti mia na sitini za elfu kumi mkononi mwa Winfrida, kando ya barabara, watu wanatazama. Winfrida akazifunga kwenye ncha ya kanga, akazungusha kanga kiunoni, akakaza fundo. Lilikuwa fundo kubwa kama ngumi ya mtoto. Alitegemea angesikia furaha. Alichosikia ni kwamba kiuno kimekuwa kizito.

Oswald akaenda kutafuta kamba. Zefania akaanza kutoa vitu vyake: kitambaa cha kusugulia, makopo mawili ya nta, utepe mwekundu wa kufungia boneti siku za harusi. Utepe aliukunja mara nne akautia mfukoni. Kisha akasema, "Lete hicho kidumu. Injini isivutwe ikiwa kavu."

Akaweka kitambaa juu ya kifuniko cha rejeta, akakizungusha nusu, pumzi ya mwisho ikatoka, akakifungua. Winfrida alisogeza kidumu. Na alipoinama, akaona.

Shingo ya rejeta ilikuwa imepungua. Tundu la kupitishia vidole viwili lilikuwa limebaki la kidole kimoja, na kilicholijaza kilikuwa gamba jeupe, gumu, la tabaka kwa tabaka. Winfrida alilijua gamba hilo kama anavyoijua mikono yake. Lilikuwa ndani ya birika lake kubwa la chai. Kila Jumapili, badala ya kupumzika, hulikatia birika ndimu sita akalichemsha, na gamba likajibandua vipande vipande kama maganda ya yai. Asipofanya hivyo mwezi mmoja tu, mdomo wa birika unaziba, chai haimiminiki.

Maji ya ziwa hayo. Maji safi, unaona miguu yako ukiwa umesimama hadi kiunoni. Aliyachota mwenyewe kila alfajiri, ndoo moja ya chai, ndoo moja ya gari, miaka kumi na mitatu. Thobias aliwahi kusema wanunue yale maji ya kijani ya dukani. Winfrida ndiye aliyejibu, akiwa ameshika kiuno: "Maji haya tunakunywa sisi, tumezalia watoto. Gari ndiyo liyaonee kinyaa?" Wanaume wote wawili walicheka, na jambo likaisha.

Akanyanyuka. Hakusema kitu. Ijumaa ilikuwa kesho kutwa, na kizimba kilikuwa na paa.

Zefania hakuliona gamba, au aliliona akadhani ndivyo vyuma vya zamani vilivyo. Alikuwa analimiminia gari maji polepole, kama anayenywesha mgonjwa, huku akimwambia Oswald aliyekuwa amelala chini akifunga kamba:

"Kuna jambo moja, mdogo wangu. Usije ukaliwekea maji ya kisima. Hili limezoea maji ya ziwa. Mke wangu huyachota mwenyewe kabla watu hawajayatibua. Hilo moja tu, nimelitunza vizuri."

Oswald akatokeza kichwa. "Mzee, mimi nalikata kesho. Silifugi."

"Najua. Nimesema tu."

Akaendelea kumimina.

"Baba Ritha," Winfrida alisema. "Acha kumimina."

"Kwa nini?"

"Weka chini hicho kidumu. Njoo uone hapa. Hiki ni nini?"

Akatazama. "Kutu."

"Kutu nyeupe uliiona wapi?" Akaingiza ukucha, kipande kikavunjika, akamwekea kiganjani. "Hiki kiko ndani ya birika langu. Ni ya maji haya ya ziwa. Birika nalichemshia ndimu kila Jumapili. Gari lako halijawahi kuchemshiwa. Limeziba, ndiyo maana chini ni baridi. Pampu yako ilikuwa nzima. Gasketi ilikuwa nzima."

Zefania alikisugua kile kipande kwa kidole gumba mpaka kikawa unga. Ilichukua muda.

"Thobias alisema tununue ya kijani," alisema kwa sauti ya chini. "Nani alikataa?"

"Mimi."

"Umejua lini?"

"Sasa hivi. Ulipofungua kifuniko."

"Pesa ulikuwa umeshaifunga."

"Nilikuwa nimeshaifunga."

Akageuka akaenda mbali kama hatua ishirini, akakaa juu ya jiwe la mpaka wa shamba, mgongo kwao. Winfrida akaanza kulifungua fundo. Lilikuwa limekaza, ikabidi atumie meno.

"Mama, hapana," Oswald alisimama, mchanga umemganda mgongoni. "Biashara imekwisha. Mzee katamka, mimi nimelipa, mashahidi hawa hapa."

"Umelipa, hujavuta."

"Kamba iko kwenye gari!"

"Basi ifungue. Oswald, mimi ni mtu mzima, usinipigie kelele barabarani. Hesabu pesa zako."

Alihesabu. Alihesabu mara mbili, kwa sauti, akinyanyua noti moja moja juani kana kwamba amezipokea kwa mwizi, na wale wa mkaa wakawa wanahesabu naye. Winfrida alisimama, kanga mkononi, mpaka mia na sitini ya pili. Oswald akatia bahasha kifuani.

"Nikirudi jioni nitalikuta hapa hapa. Na jioni ni laki tisa. Mkatae tena."

Pikapu ikaondoka. Mwenye mkaa mmoja akasema, "Mama, pesa zimekwenda hizo," kwa huruma ya kweli, na hilo ndilo lililouma kuliko yote.

Zefania akarudi kutoka kwenye jiwe. Hakumwangalia.

"Ndimu ngapi?" akauliza.

*

Birika ni ndimu sita. Gari, nani ajue? Mbele kidogo, penye nyumba za mwanzo za Simbo, mwanamke aitwaye Agnesi alikuwa amepanga mafungu ya ndimu na mihogo juu ya gunia.

"Mwakeye," Winfrida alimsalimu kwa Kiha, akaitikiwa. "Ndimu zote hizi bei gani?"

"Zote? Mna msiba au harusi?"

"Gari linaumwa."

Agnesi akacheka mpaka akashika mbavu. Aliposikia kisa, akaacha kucheka, akasema hata la kwake birika liko hivyo, akatoa na za ndani. Ndoo nzima, elfu nane. Ndizo pesa za unga wa maandazi ya kesho.

Wakakata, wakakamua, kando ya barabara, boneti imefunguliwa kama mdomo. Mikono ya Winfrida ina alama za mafuta ya moto. Ndimu ikaingia kila mahali. Zefania aliona anavyojikunja, akamsogezea kisu, akachukua yeye kazi ya kukamua. Wakachanganya na maji, wakamimina, akawasha injini. Wakasubiri. Jua likapanda utosini. Wapita njia wakauliza kama gari nalo lina mafua. Zefania alipofungua bomba la chini, kilichotoka kilikuwa kama uji wa lishe, cheupe, kizito, na vipande ndani. Wakarudia. Mara ya tatu maji yakatoka meupe kidogo tu, na Zefania akashika mpira wa chini.

"Shika," alisema.

Winfrida akashika. Ulikuwa wa moto.

Zefania akaijaza rejeta maji ya mvua kutoka kwenye pipa la Agnesi. Wakaondoka. Mshale ukapanda mpaka katikati, ukakaa. Wakapita kona ya kwanza, ukakaa. Winfrida aliuangalia, na safari hii alijua anaombea nini. Mlima wa Gasper ulikuwa wa udongo mwekundu, umechimbika, gari likakwaruza tumbo mara mbili, Zefania akalipandisha kwa gia ya kwanza, ulimi kaubana kwa meno. Ukakaa katikati. Wakaingia uani mwa Gasper, kuku wakatawanyika, akazima.

Kimya. Hakuna mvuke.

Na ndani ya kimya kile wakasikia: to. To. To.

Gasper alitoka na fimbo yake, amevaa kanzu safi ya kupokelea wageni. Akalizunguka gari, akaligonga kwa vidole, akaridhika. Akainama. Chini ya rejeta kulikuwa na kidimbwi, kinakua. Gamba lililoziba njia ndilo lililokuwa limeziba na matundu.

"Limefika," Gasper alisema. "Lakini linajikojolea."

"Ni rejeta tu. Kuichomelea ni kazi ya siku moja."

"Jumamosi imebaki siku tatu, mwenzangu. Na binti yangu atavaa nyeupe." Akaigonga ardhi kwa fimbo. "Shida ilikuwa nini, miezi yote hii?"

Winfrida akaangalia miguu yake. Alistahili kusikia jina lake likilaumiwa pale, mbele ya mwenyeji na mke wa mwenyeji aliyekuwa ameshatokeza mlangoni.

"Tulikosea maji," Zefania alisema. "Mimi na mama."

Wakapewa viti na mihogo ya kuchemsha. Waliporudi, wakiongeza maji kila baada ya kilomita tatu, walipitwa na Oswald darajani Luiche, naye akirudi. Alipiga honi mara moja, hakusimama.

*

Binti wa Gasper aliolewa Jumamosi ile, akapelekwa kanisani kwa gari jeupe la familia, la mpwa wao. Kizimba cha Kibirizi kilichukuliwa na mama mmoja aitwaye Marsiana, anakaanga chipsi. Thobias bado anasema ilikuwa gasketi. Oswald alinunua injini mbili za boti huko Ilagala akapata faida. Wakikutana na Winfrida humsalimia vizuri, na kila mara humtajia laki tisa.

Rejeta ilichomelewa na mzee wa Mwanga anayeziba sufuria. Maharusi hawakurudi, ila wawili watatu wa mitaani. Kwa hiyo alfajiri Zefania humpeleka mkewe Kibirizi kwa Dagaa, maandazi kiti cha mbele, birika kiti cha nyuma limefungwa mkanda. Maji ya gari huyakinga mwenyewe kwenye bati, na kiangazi huyanunua. Jina la Mzee Birika halikufutika. Siku hizi akiulizwa kama chai iko tayari, hujibu bei.

Winfrida bado anauzia mchangani. Mvua ikianza, wateja wawili huingia ndani ya gari na vikombe vyao, na wengine hungoja nje.